Kitabu kimoja, mahari mbili: kwa nini tunabishana hivi tukisoma habari za wanawake na wanaume

Kikundi chetu cha kusoma vitabu hapa Mwanga, Kigoma, kinakutana kwa kufuata mwezi. Sio mwezi wa kalenda, mwezi wa angani. Memba wengi ni akinamama wa dagaa, na dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, sasa mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, mitumbwi inalala, mwalo wa Kibirizi unapoa, na wale wanaoanika na kuuza wanapata siku kadhaa za kupumua. Hizo ndo siku zetu. Naanza na hili manake linaonyesha kwamba hata ratiba yetu ya kusoma ina mambo ya mwanamke na mwanaume ndani yake, wanaume wanaingia ziwani, wanawake wanabaki mchangani na vichanja, na kila mtu anafika kikaoni na hiyo kazi yake kichwani kabla hata hajafungua ukurasa wa kwanza.

Sasa kuna jambo limenisumbua muda mrefu na nataka tulifungue taratibu. Tukisoma kitabu chochote chenye ndoa, ujane, mabinti, urithi, mjadala unawaka, na mara nyingine unawaka vibaya mpaka watu wanaondoka wamenuniana. Mwanzoni nilidhani ni misimamo, yaani huyu anataka usawa na yule hataki, basi. Baada ya kukaa na watu hawa nimeona sivyo. Mara nyingi wanakubaliana kuliko wanavyojua, ila neno moja lililoko kitabuni kila mtu kalisoma kwa kamusi ya kwao, na hakuna anayejua kwamba mwenzake ana kamusi nyingine.

Kitabu kilichonifungua macho ni Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Kwa ambaye hajasoma: Ramatoulaye ni mwalimu, mama wa watoto 12, kafiwa na mume na yuko eda, anamwandikia shoga yake Aissatou. Mume huyo, Modou, miaka kadhaa kabla ya kufa alioa mke wa pili, Binetou, msichana aliyekuwa rafiki wa binti yao wenyewe, na Ramatoulaye aliletewa habari sebuleni kwake na imamu na shemeji yake wakati ndoa imeshafungwa. Akabaki. Aissatou yalimkuta kama hayo hayo, yeye akachukua wanawe wanne akaondoka.

Nilijua tutabishana juu ya kubaki na kuondoka. Kumbe hatukufika huko kikao cha kwanza.

Kuna mahali Ramatoulaye anasimulia kwamba yeye na Modou walioana bila mahari na bila mbwembwe, na baba yake hakupendezwa. Mwandishi anapita hapo haraka sana. Sisi tulikwama hapo zaidi ya saa nzima. Mama mmoja wa Ujiji, Mmanyema, mtu wa swala tano, alisema moja kwa moja: "Bila mahari? Basi huyu mwanamke alidhulumiwa tangu siku ya kwanza." Dada mmoja wa Kasulu akashangaa, akasema mbona yeye hapo ndo alimpenda Ramatoulaye, kwamba angalau huyu hakununuliwa. Kaka mmoja aliyetokea Uvira, ng'ambo ya ziwa, akasema kwa Kiswahili chao, "Kwetu bila dot ndoa haiko," dot kwa Kifaransa ndo mahari. Na mwalimu kijana wa sekondari akasema hizo zote ni mila za kumgandamiza mwanamke, mwandishi anatuonyesha ukombozi, tusonge mbele.

Hawakusonga. Dada wa Kasulu alimgeukia mama wa Ujiji kwa heshima lakini kwa uchungu, akamuuliza, "Samahani mama, sasa mwanamke akipokea hela ndo aolewe, si kajiuza?" Na mama akamjibu polepole, "Mwanangu, anayeuzwa hashiki hela. Hela anashika muuzaji."

Hapo ndo nikaelewa. Neno ni lile lile, mahari, ila ni vitu viwili. Kwa Uislamu mahari ni ya bibi harusi mwenyewe, iko wazi kwenye Surat An-Nisaa aya ya 4, wanawake wapewe mahari yao, na mwenye ruhusa ya kuachia chochote ni yeye mwenyewe kwa ridhaa yake. Kwa mama wa Ujiji kuolewa bila mahari ni sawa na kufanya kazi bila mshahara, umenyimwa kitu chako. Kwa dada wa Kasulu, mahari aliyoiona kwao tangu utoto ni ya ukoo, wanakaa wazee upande huu na upande ule, wanataja ng'ombe, binti yuko ndani na wala haulizwi, na ng'ombe wale pengine ndo kaka yake ataolea. Kwake yeye bila mahari maana yake hakuna aliyekaa kikao kumpigia hesabu. Wote wawili walikuwa wanatetea kitu kimoja, kwamba mwanamke asigeuzwe bidhaa, na kwa dakika arobaini walikuwa wanarushiana maneno kama maadui.

Kaka wa Uvira naye alikuwa na la tatu. Kongo wana Sheria ya Familia ya mwaka 1987, na ile sheria yenyewe inaitaka mahari ili ndoa ikamilike, kwahiyo yeye alikuwa anaongelea uhalali, yaani je, kesho mume akikukana una la kushika?

Na mwandishi? Ramatoulaye ni Muislamu wa Senegal, kwahiyo mama wa Ujiji yuko karibu na nyumba yake kuliko sisi wote. Lakini pia ni mwanamke wa kizazi kile cha kwanza kusomea ualimu, kizazi kilichoona fahari kuoana kwa mapenzi bila masharti ya wazee, kwahiyo mwalimu wetu kijana na yeye yuko karibu naye kwa mlango mwingine. Mi naona hapakuwa na mtu aliyekosea kusoma. Kila mmoja alishika kipande ambacho wenzake hawakuwa na macho ya kukiona, shida ni kwamba alidhani ndo kitabu chote.

Tukaja kwenye neno kurithi. Baada ya arobaini ya Modou, kaka yake Tamsir anakuja kumtangazia Ramatoulaye kwamba atamuoa, na Ramatoulaye anamkatalia kwa maneno makali ambayo hajawahi kumwambia mtu. Angalieni Kiswahili chetu kinavyofanya hapo, tunasema kurithi shamba na kurithi mjane, kitenzi kimoja. Mzee mmoja katikati yetu, mtu mwema kabisa, alieleza kwamba kwao kumrithi mjane sio kumchukua ni kumlinda, asihangaike, watoto wasitawanyike, na alisema kwa moyo safi, nilimwamini. Akanyoosha mkono mama mmoja ambaye huwa haongei. Akasema, "Mimi nililindwa mpaka shamba likaisha." Hakuongeza neno. Mzee aliinamisha kichwa, na nadhani kikao kile kilimbadilisha kuliko hotuba yoyote ambayo angesikia, manake hakuambiwa mila yako mbaya, alisimuliwa na aliyekuwa ndani ya hiyo mila upande wa pili.

Eda nayo ilikuwa hivyo hivyo, nitaipitia kwa kifupi. Miezi minne na siku kumi Ramatoulaye yuko ndani. Memba wasio Waislamu walisoma kitabu kizima kama barua ya mfungwa, wakamhurumia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akinamama wa Ujiji walisema jamani, hiyo ndo nafasi pekee aliyopata huyu mama kukaa na kuandika, watoto 12, mume kaondoka, kazi ya darasani, angeandika saa ngapi? Sijawahi kusikia kitu kilichonigeuzia kitabu kichwani kama hicho.

Kuna pia lugha yenyewe, na hii huwa tunaisahau kwa sababu tumo ndani yake. Kiswahili hakina yeye wa kike na yeye wa kiume. Msomaji wa Kifaransa au Kiingereza akikutana na daktari au jirani anajua mara moja kama ni mwanamke, sisi tunaweza kwenda kurasa mbili, na kwenye hizo kurasa mbili kila mmoja ameshajijazia. Ukiuliza watu, daktari ulimuona nani, hapo unapata mjadala mzuri kuliko maswali ya jinsia ya moja kwa moja. Lakini tukija kwenye ndoa Kiswahili kinabana kuliko Kifaransa. Wafaransa wana kitenzi kimoja ambacho mwanamke na mwanaume wote wanakitenda. Kwetu mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, yaani anatendewa, na ukisema fulani wa kike kaoa watu wanacheka au wanakasirika. Kwahiyo Ramatoulaye aliyemchagua Modou kwa macho yake mwenyewe, akawapinga wazazi, akifika kwenye Kiswahili analazimika kuolewa. Mfasiri hana kosa. Ila msomaji wa Kiswahili anampokea Ramatoulaye akiwa ametulizwa kidogo tayari.

Na neno jinsia ndo usiseme. Wataalamu wanatenganisha, jinsi ni maumbile ya kuzaliwa na jinsia ni yale majukumu na matarajio ambayo jamii inakupa. Mtaani hatutenganishi. Mtaani ukisema leo tunajadili jinsia, wanaume wanajua wanakuja kusemwa, na kuna atakayesema "haya, Beijing imeanza". Hilo neno lina historia yake, mwaka 1995 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa wanawake Beijing na katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Ni jambo la kujivunia, lakini kwenye vijiwe likageuzwa kuwa tusi, mwanamke akihoji kitu nyumbani anaambiwa huyo kaleta Beijing. Kwahiyo mtu mwenye miaka hamsini na kitu akisikia jinsia anasikia ugomvi wa miaka ya tisini, binti wa miaka ishirini anasikia semina na fulana. Ndo maana sisi tuliacha kabisa kulitaja mwanzoni mwa kikao. Tunauliza, katika sura hii nani anaamua? Nani anapika? Nani anaambiwa mwisho?

Sasa kuna suala la nani anaongea, na hili kwangu ni kubwa kuliko maneno yote niliyotaja. Tuliwahi kuwa na mkwe na mama mkwe kwenye kikundi kimoja. Bila shaka mnajua. Kwa wengi wetu huku magharibi, Waha, Wanyamwezi na wengineo, mkwe na mama mkwe wana heshima ya kukwepana, huwezi kukaa naye ukaongelea mambo ya chumbani hata kama yako kitabuni. Yule kijana alikuwa anasema vizuri sana, siku mama mkwe akija anakuwa bubu, na mgeni angeangalia angesema wanaume wa Kigoma hawapendi kujadili haya mambo. Sio kweli, alikuwa anamheshimu mama mkwe wake. Upande mwingine kuna utani, bibi na mjukuu wana ruhusa, mtu na wifi yake wana ruhusa, shemeji na shemeji wanachokozana. Bibi wa miaka sabini anaweza kumwambia kijana "wewe mume wangu, hebu niambie, ungenioa halafu ungeniletea katoto kama Binetou?" na kijana akajibu ukweli mtupu ambao asingemjibu mama yake hata kwa viboko. Mkitaka mjadala wa kweli, msipange watu kwa umri tu, angalieni nani ni nani kwa nani. Sisi tulipolijua hilo tukawa tunagawana vibaraza viwili kwa zile sura ngumu, wakwe huku na wakwe kule, halafu tunarudi pamoja kwa chai, na kila kibaraza kinaleta walichosema bila kutaja nani kasema.

Sheria pia inajenga macho ya msomaji hata kama hajawahi kuisoma. Ziwa letu moja lina sheria kadhaa pembezoni. Huku kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu ndoa ya wake zaidi ya mmoja, kwahiyo mke wa pili wa Modou tunamsoma kama mke, tunauliza je, alimshirikisha bi mkubwa, je, anagawa sawa. Kongo na Burundi sheria haziitambui, mke wa pili hayupo kwenye karatasi, na Wakongo wana jina lao kwa mwanamke wa pembeni, deuxième bureau, yaani ofisi ya pili. Kaka wa Uvira alikuwa anamsoma Binetou kama ofisi ya pili, mama wa Ujiji anamsoma kama mke mwenzie halali mwenye haki zake. Ndo maana mmoja alikuwa anamlaumu na mwingine anamtetea. Na kule Kongo mpaka sheria ilipobadilishwa 2016 mwanamke aliyeolewa alihitaji idhini ya mume kwa mambo mengi ya kisheria, kwahiyo Aissatou kuondoka na kujipangia maisha, kwa dada mmoja wa Kikongo aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa miaka, ilikuwa stori ya kishujaa karibu kama hadithi ya kubuni tupu, wakati kwa mwalimu wetu ni kitu ambacho "mtu yeyote anaweza".

Naomba nitahadharishe hapa, kwa sababu nimeona watu wakielewa hili nusu wanaanza kuwa wabaya zaidi. Wanaanza kusema wewe ni Muha ndo maana, wewe wa Ujiji lazima useme hivyo. Hapana. Malezi sio sanduku. Tuna dada wawili wa baba mmoja, dini moja, mtaa mmoja, mmoja katoka tumbo la bi mkubwa mwingine la bi mdogo, na wanavyomsoma Binetou hawakutani kabisa. Wanaosema Waha hawajawahi kumkubali mwanamke juu yao niliwakumbusha Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyetawala Heru kule Kasulu, kabla serikali haijafuta uchifu mwanzoni mwa uhuru. Mzee aliyekulia enzi hizo anaweza kukuambia kwa kinywa hicho hicho kwamba mwanamke hawezi kuongoza na kwamba baba yake alimpigia magoti Mwami. Utamaduni wa mtu una vyumba vingi, na kitabu kizuri kinafungua hata kile alichokifunga mwenyewe.

Wakati mwingine tofauti ni mwaka tu. Binti wa Ramatoulaye anapata mimba akiwa bado anasoma, na mama, badala ya kumtimua, anamkumbatia, halafu wanawaza jinsi ya kuificha mimba asifukuzwe. Akinamama wengi walisema Ramatoulaye kalegea. Mabinti wakashangaa kwa nini afukuzwe. Tulipochimba tukakuta hawa wamesoma enzi ambayo ukipata mimba shule imeisha, na wale wamekuta Novemba 2021 serikali imeruhusu waliojifungua kurudi darasani. Mama mmoja alinyamaza, kisha akasema yeye aliachia darasa la saba.

Kikao cha mwisho cha kitabu hicho ndo kilichonifanya niandike haya. Tuna memba mdogo kuliko wote, ana miaka kumi na tisa, anakuja na mama yake mkubwa, na vikao vitatu alikuwa anagawa chai na kuokota vikombe. Tulikuwa tunafunga. Akauliza, "Na Binetou yeye alimwandikia nani?"

Tukarudi kutafuta. Binetou yumo kila mahali na hasemi. Tunaambiwa alitolewa shule kabla ya mtihani, tunaambiwa mama yake ndo alikuwa anautaka huo utajiri, nyumba, gari, safari ya Makka kwa wazazi, tunaambiwa alivyovaa na alivyocheza. Barua ni ya Ramatoulaye, na Ramatoulaye ana kila sababu ya kuumia, kwahiyo na sisi wote, Waislamu kwa Wakristo, Waha kwa Wamanyema kwa Wakongo, wenye mahari hii na wenye mahari ile, tulikuwa tumekaa upande wa barua. Kumbe kulikuwa na kamusi moja ambayo sote tulikuwa tunaichangia bila kujua, ya watu waliokwisha kuolewa au kuoa wakiwa watu wazima. Yule binti alikuwa anasoma kama mtu ambaye anaweza kuja kuchukuliwa kesho. Sheria yetu ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, na mahakama ndo zilikuja kusema kipengele hicho ni kinyume cha Katiba katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu 2016, Rufani ikathibitisha 2019. Binti wetu wakati ule wa kwanza alikuwa mtoto, lakini wenzake wa mtaani waliokuwa wakubwa kidogo anawakumbuka kwa majina.

Mama wa Ujiji akafanya hesabu kwa sauti. Mume akifa ana watoto, wake wanapata thumuni, wakiwa wawili wanagawana, kila mmoja sehemu moja ya kumi na sita. Sawa sawa, Ramatoulaye wa miaka yote ile na Binetou wa juzi. Mwanzoni hesabu hiyo ilimuudhi kila mtu kwa ajili ya Ramatoulaye. Safari hii mama alisema, "Na huyu mtoto, na hiyo sehemu yake, na shule hana, ataanzia wapi?" Hakuna aliyejibu. Binti akaomba kitabu aende nacho. Mwezi ulikuwa umeshaanza kupungua na wiki ile mitumbwi ilirudi majini, kwahiyo tulikubaliana mbalamwezi ijayo atuandikie yeye barua ya Binetou, ukurasa mmoja tu, kwa lugha anayoitaka, na tuanzie hapo.